Uliza Mwalimu: Mto wa Anna Demidova

SWALI: Assalaam alaykum Mwalimu, na shikamoo. Mimi ni msichana wa miaka 19, nakaa Langoni, Lamu. Nimesoma habari za mfalme wa mwisho wa Urusi, aliyefungwa na mkewe, mabinti zake wanne na mwanawe wa kiume, kisha wakauawa wote saba. Vile walivyokufa nimeshasoma, sikuulizi. Nataka kujua walikuwa wakiishije humo ndani. Walikula nini? Mabinti walishinda wakifanya nini? Na je, ni kweli walishona vito ndani ya nguo? Nyanya yangu anasema hizo ni hadithi za kutungwa.
Msichana wa Langoni

JIBU: Waalaykumus salaam, marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma barazani, nikaingia nayo ndani nikaisoma tena, maana kuna neno moja umeliandika limenikaa rohoni. Nitalifikia. Kwanza nyanya yako: mwambie kwa adabu kwamba habari ya vito ni ya kweli, na walioisimulia ni wanawake walioshika sindano wenyewe.

Mfalme huyo ni Nicholas wa Pili, na mkewe ni Alexandra. Mabinti ni Olga, Tatiana, Maria na Anastasia. Kitinda mimba ni Alexei, aliyezaliwa 1904 na maradhi ya damu isiyoganda. Mtoto yule akijigonga goti, damu ilivujia ndani ya kiungo, goti likavimba, akalia siku kadhaa mchana na usiku. Raia hawakuambiwa. Nyumba nzima ilijipanga kuizunguka siri hiyo, kama tunavyojua sisi nyumba zenye mgonjwa wa ndani asiyetajwa mbele ya wageni.

Vita vilipozuka Agosti 1914, mama na mabinti wawili wakubwa walikwenda kusomea uuguzi kwa daktari mwanamke wa upasuaji, Vera Gedroits. Walivaa sare ya Msalaba Mwekundu wakasimama chumba cha upasuaji, wakimpa daktari vyombo, wakipokea mikono na miguu iliyokatwa. Tatiana aliiweza kazi ile barabara. Olga moyo wake haukustahimili kuyaona hayo kila siku, akaachiwa kazi nyepesi zaidi. Maria na Anastasia walikuwa wadogo, wao walikwenda kukaa na majeruhi, kuwasomea na kucheza nao dama. Na usidhani walitoka kwenye magodoro ya hariri. Tangu utotoni walilazwa kwenye vitanda vyembamba vya kambi, vile vya kukunja, na vitanda hivyo ndivyo vilivyowafuata mpaka kifungoni.

Baba yao simtetei. Januari 1905 askari wake waliwapiga risasi watu waliokuja mjini kwake wakiwa wamebeba ombi, na vita vile vya 1914 vilimaliza vijana wa Kirusi zaidi ya milioni moja. Lakini wewe umeniuliza habari za nyumba.

Alilazimika kuacha ufalme tarehe 15 Machi 1917, akiwa ndani ya gari moshi mbali na kwake. Nyumbani watoto walikuwa wamelala na surua chumba cheusi, mapazia yameshushwa, mama anazunguka kitanda hadi kitanda. Aliporudi baada ya wiki moja, alirudi mahabusu. Nywele za mabinti zikaanza kunyonyoka kwa ajili ya ugonjwa na dawa, wakanyolewa vipara. Ipo picha yao wamesimama na vichwa vyao vitupu, wameizoea hali. Kila mara nikiiona namkumbuka bintiyangu alipougua homa ya matumbo, nilivyomnyoa mwenyewe uani nikijikaza nisilie mbele yake.

Majira yale yalipopata joto, walilima. Mfalme na mabinti na watumishi walichimba nyasi za bustani ya kasri wakapanda mboga. Mwalimu wa Kifaransa wa watoto, Mswisi Pierre Gilliard, ameandika kwamba kabeji peke yake zilikuwa 500. Wakakata miti iliyokufa kwa msumeno wakapasua kuni. Huyo mtu aliyetawala nchi kubwa kuliko zote, kilichomfariji ni msumeno na gogo.

Agosti 1917 wakahamishiwa Tobolsk, Siberia, nyumba iliyokuwa ya gavana. Huko ni baridi ambayo mtu wa Lamu hana pa kuipimia. Alexandra alifuma soksi mpaka vidole vikakakamaa, na Desemba akamwandikia rafiki yake kwamba suruali ya mume imejaa viraka na nguo za ndani za mabinti zimekuwa matambara. Masomo ya watoto hayakusimama. Jioni walicheza tamthilia fupi, watoto na walimu wao, ukumbini. Kuanzia Machi 1918 wakawekwa kwenye posho ya askari: rubo 600 kwa kila mtu kwa mwezi, kutoka mali yao wenyewe. Siagi na kahawa vikaondoka mezani. Watu wa mji wakawa wanawapelekea mayai na vitamutamu kwa mlango wa nyuma. Hilo nalipenda, maana hakuna aliyewalazimisha.

Sasa vito. Aprili 1918 baba, mama na Maria walichukuliwa kwanza, wakapelekwa Yekaterinburg. Alexei alikuwa hoi kitandani, dada watatu wakabaki naye. Baadaye ikaja barua kutoka huko ikisema zile "dawa" zifanyiwe kama ilivyopatanwa. Dawa ni almasi, lulu na yakuti. Watumishi wa kike wakaketi na mabinti wakashona siku nyingi. Walichukua vazi la ndani la kubana kifua, wakapanga vito vilivyofungwa kwa pamba, wakalifunika kwa vazi jingine juu yake, wakashona pamoja. Vito vingine vilivishwa kitambaa vikawa vifungo vya koti. Vingine viliingia kwenye kofia. Mkuu wa wauaji wao, Yurovsky, alieleza baadaye kwamba alichokikusanya kutoka kwenye nguo zile kilikaribia kilo 8. Hebu fikiria kuamka, kuketi, kumbeba mdogo wako, na kifua kimefungwa vile.

Mimi hili silisomi kama hadithi ya mbali. Nilikuwa na miaka sita tulipokimbia bara wakati wa vita vya mashifta, sisi na vijiji vizima vya Wabajuni, tukaingia mashuani usiku kuja Lamu. Nililazwa juu ya mto wa sufi. Mto ulikuwa ukiniumiza shavu, nikalia kwamba una mawe. Mama akanikazia macho, akaniambia lala. Ndani mlikuwa na vikuku viwili vya nyanya yangu, mkufu, na kipini cha pua. Aliyeushona mto ule, akauchukua kichwani mpaka pwani na kuukalia mashuani, hakuwa nyanya wala mama. Alikuwa mwanamke aliyekulia nyumbani kwetu, wa kizazi cha wale ambao babu zao walinunuliwa. Hakuwa na hata pete moja mle ndani. Sitamtaja jina kwa kuwa wajukuu wake wapo na sikuwaomba ruhusa. Nasaba yetu imeandikwa kwenye daftari la ngozi, kizazi kwa kizazi, na yeye hayumo.

Ndiyo maana neno lako limenikaa, mwanangu. Umeandika "wote saba". Walikuwa 11.

Katika nyumba ya Yekaterinburg, nyumba ya mhandisi aitwaye Ipatiev, walikuwamo pia daktari Yevgeny Botkin, mpishi Ivan Kharitonov, mtumishi wa mezani Alexei Trupp, na kijakazi Anna Demidova. Botkin aliwaacha watoto wake Tobolsk ili amfuate mgonjwa wake. Walishushwa chini pamoja na wenye nyumba usiku wa kuamkia 17 Julai 1918, wakauawa chumba kimoja. Demidova alishuka na mito, na ndani ya mto mmoja mlishonwa kijaluba cha vito vya mabwana zake. Alikuwa na miaka 40.

Siku 78 mle ndani zilikuwaje? Nyumba ilizungushiwa boma la mbao. Katikati ya Mei vioo vya madirisha vyote vikapakwa chokaa. Kwetu chokaa ni furaha. Ukiona nyumba inapakwa, kuna arusi, au kuna mtu anarudi kutoka Makka. Kule ilikuwa ya kuwazibia dunia. Nicholas aliandika kwamba ilikuwa kama ukungu unachungulia ndani. Joto likapanda, hakuna hewa, wakaomba wiki baada ya wiki dirisha moja lifunguliwe. Mwishoni mwa Juni likafunguliwa moja, na yeye akaandika furaha yake ya kunusa harufu ya bustani zote za mji. Mfalme mzima, anashukuru kwa harufu.

Mabinti walipofika Mei walilala chini kwa kuwa vitanda vyao vilikuwa bado njiani. Kwenda chooni ilibidi wapite mbele ya askari, na kuta za huko zilichorwa michoro michafu ili waione. Wewe na mimi tumelelewa mji wenye sitara, mgeni anakomea dakani, ndani ni ndani. Naamini hili liliwachoma kuliko chakula kibovu.

Chakula mwanzo kililetwa tayari kutoka nje, Kharitonov anakipasha moto. Baadaye akaruhusiwa kupika, na masista wa nyumba ya watawa iliyokuwa mjini wakawa wanaleta maziwa na mayai. Juni akawafundisha mabinti kukanda unga usiku na kuoka asubuhi. Baba yao akala mkate ule, akaandika kwamba si mbaya. Walitia viraka na kushona soksi zilizotoboka wakiwa na Demidova. Walisoma kwa sauti, zamu kwa zamu. Walitembea kiuani kidogo, Alexei akibebwa na baba yake kwa kuwa miguu ilikataa. Maria alitimiza miaka 19 mle mle, Juni hiyo. Rika lako.

Tarehe 15 Julai waliletwa wanawake wa mjini kupiga deki. Waliwakuta mabinti wanne wachangamfu, wakawasaidia kusogeza vitanda, mkuu wa nyumba akiwa amewakodolea macho. Ilibaki siku moja na usiku.

Wale 11, isipokuwa watoto wawili ambao mifupa yao ilipatikana baadaye, walizikwa pamoja katika kanisa la wafalme mjini Saint Petersburg tarehe 17 Julai 1998, na watumishi wamo. Lakini mwaka 2000, kanisa la Urusi lilipowatangaza watakatifu, lilitangaza saba. Botkin aliongezwa 2016. Demidova, Trupp na Kharitonov bado. Mimi ni Mwislamu, mambo ya kanisa lao si yangu kuyaamua, ila hesabu hiyo naijua. Ni ile ile ya daftari la ngozi.

SWALI: Mwalimu, salaam. Mimi ni mvuvi, Shela ya Malindi. Nasikia mfalme wa Uingereza wakati ule alikuwa binamu wa huyo Mrusi, tena wanafanana kama mapacha. Mbona hakumtoa? Kwetu jamaa yako akiwa taabani, hata kama hamsemezani, utampa pa kulala.
Mvuvi wa Shela

JIBU: Salaam sana, kaka. Ni kweli, mama zao walikuwa ndugu, mabinti wa mfalme wa Denmark. George wa Tano na Nicholas waliandikiana tangu ujana wao, na ukiwaona pichani, ndevu kwa ndevu, utamdhania mmoja kuwa ni mwenzake.

Machi 1917 serikali ya Uingereza ilikubali kuwapokea. Wakati ule watoto walikuwa na surua, safari ikangoja. Huko Urusi wafanyakazi na askari wa mji mkuu hawakutaka mfalme atoroke. Lakini kikubwa kilitoka London. George aliogopa kwamba akimpokea Nicholas, watu wake wenyewe, waliochoshwa na vita na wenye chuki ya wafalme, wangemgeukia yeye. Katibu wake, Lord Stamfordham, aliandika barua baada ya barua kuisukuma serikali iufute ule mwaliko, na ukafutwa. Miaka mingi lawama alibebeshwa waziri mkuu, Lloyd George, mpaka barua zenyewe zilipotoka. Julai ya mwaka huo huo George aliacha jina la ukoo la Kijerumani, nyumba yake ikaitwa Windsor.

Unaniuliza mbona. Nadhani alichagua kiti chake. Alexandra naye alikuwa binamu yake wa damu, mjukuu wa Malkia Victoria kama yeye, na wale watoto watano walikuwa hawajamkosea mtu. Simsamehei hilo.

Na kwa kuwa unaandika kutoka Malindi, nitaongeza. Agosti 1914, mwezi ule ule mabinti wa mfalme walipokwenda kujifunza kufunga vidonda, nyuma ya mji wako serikali ya Uingereza ilikuwa ikichoma nyumba za Wagiriama waliokataa kutoa vijana wao kuwa vibarua na wapagazi. Viongozi wao, Mekatilili wa Menza na Wanje wa Mwadorikola, walikuwa wameshakamatwa 1913 na kupelekwa magharibi ya nchi, na Mekatilili akatoroka akarudi kwao kwa miguu. Nyumba zile hazikuwa na mtu wa kuandika kila jioni kilicholiwa. Ningetoa mengi kupata kitabu kimoja tu cha siku cha mama wa Kigiriama wa mwaka ule. Kama una nyanya upande wa Ganda au Jilore aliyesikia kwa mamake, mkalishe, muulize walikula nini porini, nani alibeba watoto, walificha nini. Andika, uniletee.

SWALI: Je, Anastasia alipona? Dadangu anaapa alipona. Na kama hakupona, hakuna hata mmoja aliyetoka hai katika nyumba ile?
Mwanafunzi, Lamu

JIBU: Anastasia hakupona, mwanangu. Wanawake kadhaa walijidai kuwa yeye. Aliyejulikana zaidi, Anna Anderson, alifariki 1984 akiwa hajakubali kuacha dai lake, na vipimo vya vinasaba baadaye vikaonyesha hana udugu na familia ile. Mifupa ya wengi wao ilifukuliwa 1991, na ya Alexei na dada yake mmoja ilipatikana 2007, si mbali na kaburi la kwanza. Mume wa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, Prince Philip, alitoa damu yake ilinganishwe, kwa kuwa nyanya yake mzaa mama alikuwa dada wa Alexandra. Ikalingana. Mwambie dadako sote tulitamani apone.

Swali lako la pili ndilo zuri. Alikuwapo mtoto wa jikoni, Leonid Sednev, mvulana wa makamo ya Alexei, na ndiye mwenziwe pekee wa kucheza. Mjomba wake, Ivan Sednev, alikuwa mtumishi wa nyumba. Mjomba alitolewa nje mwezi wa Mei na akauawa kimya kimya, mle ndani hawakuambiwa. Jioni ya 16 Julai wakaja wakamwita mtoto, wakasema anakwenda kuonana na mjomba wake. Walimweka nyumba ya ng'ambo ya barabara. Kati ya waliokuwamo mle siku ile ya mwisho, ndiye aliyebaki hai.

Alexandra aliandika jambo hilo usiku ule katika kitabu chake cha siku. Aliandika kwamba mtoto ameitwa ghafla kwenda kwa mjomba wake, na akajiuliza kama ni kweli, na kama watamwona tena. Kisha akaandika kwamba amecheza karata na mumewe, saa nne na nusu usiku wakaenda kulala, na joto ni nyuzi 15.